Santuri Iliyopanda Nusu Toni: Uchambuzi wa Kisa cha Piano ya Bluzi ya 1924

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha upande mmoja wa santuri moja: dakika tatu hivi za piano pekee, bila mwimbaji wala ngoma. Kilitokea katika mji mmoja wa kati mwa Marekani ninakofanya kazi ya ufundi sauti. Majina ya watu, mji, kanisa na familia nimeyaondoa. Jina la mpiga piano na la lebo nimeyaondoa pia, kwa sababu nakala zilizobaki za santuri hiyo ni chache mno na wakusanyaji wanajuana. Ukiitaja santuri umemtaja mwenyewe. Wapiga piano na kampuni ninazozitaja kwa majina huko mbele ni historia ya wazi na hazina uhusiano na sanduku hili.

Ninawaandikia mafundi wenzangu na wapiga kinanda ambao siku moja wataletewa sanduku la santuri za babu na kuambiwa "zitie kwenye kompyuta". Sehemu kubwa ya makosa yaliyofanyika hapa niliyafanya mimi, mwenye vifaa na miaka ya kazi, na wala si yule kijana wa familia aliyeanza na mashine ya dukani.

Usuli

Sanduku lilikuwa na santuri 31, karibu zote za inchi kumi. Mwenyewe ni bibi wa miaka themanini na kitu. Baba yake alizinunua ujanani. Wajukuu walitaka mambo mawili. La kwanza, sauti zihifadhiwe kabla santuri hazijavunjika. La pili, kipande kimoja cha piano ambacho bibi alikipenda tangu utotoni kipigwe mubashara siku yake ya kuzaliwa. Tulianza mwishoni mwa 2024.

Tulikuwa wanne. Mjukuu mmoja mwenye moyo na mashine ya santuri ya bei nafuu. Mwalimu wa piano, Mmarekani wa makamo, msomi wa nota. Kijana mmoja mzaliwa wa Kongo Mashariki, mpiga kinanda wa kwaya ya Kiswahili inayosali katika kanisa moja la mji huo Jumapili mchana. Na mimi, mzaliwa wa Dar es Salaam, niliyekulia nyumba ambayo neno "jazi" lilimaanisha Morogoro Jazz na Western Jazz, yaani magitaa. Piano ya jazi nilikuja kuisikia ukubwani.

Ili kisa kieleweke, lazima ujue santuri za piano za wakati ule zilivyotengenezwa. Maikrofoni iliingia katika kampuni kubwa mwaka 1925. Kabla ya hapo kulikuwa na pembe tu: sauti inaingia kwenye pembe, inatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa sindano, sindano inachonga nta. Piano ilikuwa mzigo kwa pembe hiyo. Mafundi walivua mbao za piano ya kusimama na kusogeza pembe karibu na ubao wa sauti, na bado kilichoingia kilikuwa kipande chembamba cha katikati, kuanzia kama mitikisiko mia mbili kwa sekunde hadi elfu mbili na kitu. Sasa fikiria mkono wa kushoto. F ya chini ambayo mpiga bluzi huigonga bila kufikiri ina mitikisiko 87. Pembe haikuisikia. Kilichoandikwa kwenye nta ni sauti zake za juu, zile za 262 na 349, na sikio la msikilizaji ndilo linalojumlisha na kusema "hapa pana besi". Besi unayoisikia kwenye santuri ya 1923 unaitengeneza wewe mwenyewe kichwani.

Hata hivyo watu walirekodi, na walirekodi mambo makubwa. James P. Johnson alipiga "Carolina Shout" kwa OKeh Oktoba 1921. Fats Waller akafuata kwa lebo hiyohiyo 1922. Jelly Roll Morton alirekodi piano peke yake kwa Gennett, huko Richmond, Indiana, Julai 1923 na tena Juni 1924. Gennett ilikuwa mali ya kiwanda cha piano cha Starr, kwa hiyo ala haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa reli iliyopita karibu na studio, hata kazi ikawa inasimama gari moshi likipita. Jimmy Blythe alirekodi Chicago 1924 kwa Paramount, lebo ya kampuni ya kutengeneza viti ya Wisconsin, na santuri za lebo hiyo zinajulikana kwa malighafi mbaya: zinachakarisha hata zikiwa mpya. Kipande chetu ni cha enzi hiyo ya pembe, kilitolewa 1924.

Jambo la mwisho la usuli ndilo lililotuangusha. Namba 78 haikuwa sheria. Kila kampuni ilizungusha nta kwa mwendo wake. Wapo waliochonga kwa mizunguko 80 kwa dakika, wapo waliochonga kwa sabini na kitu. Hii 78.26 tunayoiheshimu leo ilitokana na umeme: mota ya mizunguko 3,600 kwa dakika ukiigawa kwa gia ya 46 unapata 78.26. Kwenye nchi za umeme wa mitikisiko 50 hesabu hutoa 77.92. Ni namba ya mota, na mwaka 1924 studio nyingi zilikuwa bado zinazungusha meza kwa uzito unaoshuka taratibu kama wa saa ya ukutani.

Yaliyotokea

Mjukuu ndiye aliyeanza, kabla sijaitwa. Mashine yake haikuwa na mwendo wa 78, kwa hiyo alirekodi kwa 45 kisha akaharakisha kwenye programu kwa 1.739. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini alitumia sindano ya santuri za muda mrefu, nyembamba mno kwa mfereji mpana wa santuri za zamani. Ikawa inaburuza chini kabisa ya mfereji, kwenye vumbi la miaka mia. Na kikuza sauti chake kilikuwa kimeshapaka sauti ile rangi ya santuri za miaka ya hamsini, kabla hata ya kuharakishwa.

Pia alisafisha. Alichukua spiriti ya kusafishia vidonda na pamba, akaanza na santuri ya dansi ambayo haikuwa na thamani kubwa, na hilo namshukuru Mungu. Santuri hizi zimetengenezwa kwa shelaki, na fundi seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam, atakwambia shelaki inayeyushwa kwa spiriti. Uso wa santuri ulififia ukawa wa kijivu, na pamba ikatoka nyeusi. Yeye akadhani ule weusi ni uchafu, akaendelea kusugua. Upande mzima ulipotea.

Nilipoitwa nilijiona daktari wa rufaa. Nikaosha santuri ya piano kwa maji yaliyokenekwa pamoja na tone la sabuni isiyo na chumvi, nikazuia karatasi ya lebo isilowe. Nikajaribu sindano nne, zenye ncha kuanzia sehemu mbili na nusu za elfu ya inchi hadi tatu na nusu, nikachagua ile iliyokaa kwenye ukuta wa mfereji ambao sindano za chuma za gramafoni ya baba mtu hazikuufikia. Sauti ilifunguka kama dirisha. Kisha nikaweka karatasi ya mistari 92 juu ya santuri, nikawasha taa, nikarekebisha mpaka mistari ikasimama tuli. 78.26 kamili. Nikarekodi, nikamtumia mwalimu nakala, nikaandika: mwendo umethibitishwa.

Sentensi hiyo ndiyo iliyotupotezea wiki tatu.

Mwalimu alisikiliza, akaandika nota. Alikuta kipande kiko kwenye F-shapu, yaani nusu toni juu ya F. Kwa wanakwaya wa solfa, doh ni F-shapu. Akashangaa, lakini akajijibu mwenyewe, na jibu lake lilikuwa la msomi: wapiga piano wengi waliojifunza wenyewe walipenda vitufe vyeusi. Irving Berlin, mtunzi mkubwa wa nyimbo wa New York, alipiga karibu kila kitu kwenye F-shapu na akanunua piano yenye wenzo wa kuhamisha sauti. Kwa nini mtu wetu asiwe hivyo? Mimi nikaongeza kuwa mashine yangu haikosei. Watu wawili wazima tukakubaliana, kila mmoja akiegemea ukuta wa mwenzake.

Nota zikaenda kwa kijana. Yeye nota za mistari hazimsumbui sana wala hazimsaidii sana. Alijifunza kwa sikio, akirudia nakala yangu kwenye simu. Baada ya siku kumi alinijia baada ya ibada, akaniambia: "Yaya, uyu muntu hakupigaka hapa. Mikono inakataa." (Yaya kwao ni kaka mkubwa. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilicheka, kwa sababu kwetu yaya ni mlezi wa watoto.)

Nilimwambia afanye mazoezi. Nakiri.

Jumapili iliyofuata aliniita kwenye kinanda cha umeme cha kwaya. Kinanda hicho kina kile kitufe ambacho kila mpiga kinanda wa kanisa anakijua, cha kupandisha na kushusha ki (kiwango cha sauti ya wimbo) bila kuhamisha mikono. Alikipandisha moja. Sasa vidole vyake vilikuwa kwenye F ya kawaida, lakini sauti iliyotoka ilikuwa F-shapu, sawasawa na nakala yangu. Akapiga mistari minne ya kwanza, na pale ambapo siku zote alikuwa anajikwaa, kidole cha tatu kilishuka kutoka kitufe cheusi kwenda cheupe kwa mteremko mmoja, kama mtoto anayeteleza kwenye ukingo wa ngazi. Sauti ilikuwa ileile ya santuri. Nikamwomba arudie. Akarudia mara tano, na kila mara akanitazama usoni.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tulisimamisha mazoezi, tukaanza kuuliza swali upya: mpiga piano alikuwa ameweka mikono wapi?

Hapa inabidi nieleze ufundi wenyewe. Bluzi ya piano inataka ile sauti iliyo kati ya nota mbili, ambayo mwimbaji au gita huipata kwa kupinda. Piano haipindi. Kwa hiyo mpigaji huanzia chini kidogo na kuangukia nota anayoitaka. Kuna njia mbili. Moja ni vidole viwili, kila kimoja kwenye kitufe chake, na nota ya kwanza hubaki ikilia kidogo juu ya ya pili. Nyingine ni kidole kimoja kinachoteleza kutoka kitufe cheusi, kilichoinuka, kwenda cheupe kilicho chini yake. Hapo nota ya kwanza hukatika papo hapo ya pili inapoanza, kwa sababu kidole kimeshaondoka. Kuteleza kinyume, kutoka cheupe kupanda cheusi, kwa kasi ile haiwezekani. Kidole kinagonga ukuta.

Tukaifungua nakala kwenye kompyuta, tukazivuta sekunde chache mpaka kila nota ikaonekana kama mstari. Tulikagua sehemu tisa ambapo anatoka *ma* kwenda *mi*, yaani ya tatu iliyoshushwa kwenda ya tatu yenyewe. Katika saba mstari wa chini ulikatika wima. Mbili zilifunikwa na mikwaruzo. Basi ni mteremko wa kidole kimoja. Kwenye F-shapu, *ma* ni A, kitufe cheupe, na *mi* ni A-shapu, cheusi. Haiwezekani. Kwenye F, *ma* ni A-fleti na *mi* ni A. Inawezekana, tena kwa raha.

Mwalimu, ambaye sasa alikuwa amewaka, akauliza swali zuri kuliko yote katika kazi hii: na kwenye G je? *Ma* ya G ni B-fleti, nyeusi, na *mi* ni B, nyeupe. Inateleza vilevile. Kama kipande kilichongwa kwa mwendo mkubwa, karibu 83, sisi tungekuwa tumekishusha nusu toni badala ya kukipandisha. Ushahidi wa *mi* peke yake hautenganishi F na G.

Kwa hiyo tukatafuta sehemu ambapo F na G zinaachana. Ziko mbili. Ya kwanza ni pale muziki unapohamia kwenye kodi (nota zinazopigwa pamoja) ya soh. Hapo anateleza kutoka *ta* kwenda *te*, yaani ya saba iliyoshushwa kwenda ya saba yenyewe. Kwenye F hiyo ni E-fleti kwenda E, nyeusi kwenda nyeupe. Kwenye G ni F kwenda F-shapu, nyeupe kwenda nyeusi, yaani ukuta. Santuri inateleza hapo, mara nne, bila shaka yoyote. Ya pili ni *fe* kwenda *soh*, yaani ya nne iliyopandishwa kwenda ya tano. Kwenye G hiyo ni C-shapu kwenda D, mteremko mtamu ambao mpiga bluzi hauachi. Kwenye F ni B kwenda C, vyeupe vyote viwili. Na santuri, kila ifikapo hapo, inatumia vidole viwili: nota zote mbili zinalia pamoja. Mtu anayeteleza kila anapopata nafasi haachi nafasi hiyo ila kama haipo.

F, basi. Mwalimu alifuta nota zake zote kwa mkono, akaanza upya kwa penseli.

Kutoka hapo mwendo ulipatikana kwa hesabu. Kwenye nakala yangu ya 78.26, F iliyo juu ya C ya kati ilipima mitikisiko 368.8. Kama piano ya studio ilikuwa imekazwa kwa A 440 (nota ya A yenye mitikisiko 440 kwa sekunde), F yake ni 349.2 na santuri ilizunguka kwa 74.1. Lakini kiwango cha 440 kilikuwa hakijatulia wakati ule. Piano nyingi zilikazwa kwa 435, na kwa kiwango hicho santuri ilizunguka kwa 73.3. Tuliamua kutumia 74 na kuandika kwenye faili upana wote, 73.3 hadi 74.1, ili atakayekuja asidhani tumejua zaidi ya tulivyojua. Kipande kikarefuka kutoka dakika 2 na sekunde 51 hadi dakika 3 na sekunde moja, na mapigo yakashuka kutoka 132 kwa dakika hadi 125.

Uamuzi wa pili ulihusu mchakato wa kusafisha sauti. Mjukuu alikuwa amepitisha nakala yake kwenye programu inayojifunza mchakariko wa mwanzo wa santuri kisha kuuondoa kote. Matokeo yalikuwa piano iliyo chini ya maji. Kumbuka besi ya santuri hii imetengenezwa na sauti hafifu za juu. Programu ilizichukua kuwa ni uchafu, ikazifyeka, na mkono wa kushoto ukatoweka. Akajaribu kuurudisha kwa kupandisha besi, akapandisha mngurumo wa mashine, kwa sababu huko chini hakuna kitu kingine. Niliamua kutoa milipuko mikubwa tu, mmoja mmoja kwa mkono, na kuacha mchakariko ulivyo. Nakala ghafi, isiyoguswa kabisa, iliwekwa pembeni.

Kuhusu haki, hilo lilikuwa fupi. Sheria ya Marekani ya 2018 ilizipa rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 ulinzi wa miaka mia moja, kwa hiyo zile za 1924 zilifunguka 1 Januari 2025. Tulisubiri wiki chache zilizobaki, familia ikawa huru kuiweka wazi.

Matokeo

Kijana alijifunza kipande upya kwenye F kwa siku nne. Siku kumi za kwanza za F-shapu hazikupotea zote, maana sikio lilikuwa limeshakijua. Siku ya shughuli alikipiga kwenye piano ya kusimama ya ukumbi, bila kitufe cha kuhamisha, na miteremko yote ikaangukia mahali pake. Mwalimu alikaa nyuma yake akihesabu kwa mguu.

Upande wa pili wa santuri tuliupima kwa 74 pia. Huko hakuna miteremko ya kutosha kwa sababu ni kipande cha mtindo wa kuruka: besi, kodi, besi, kodi. Lakini kuna kitu ambacho kilinifurahisha. Piano ya studio ile ilikuwa na nota moja chafu, A iliyo juu ya C ya kati, uzi wake mmoja umelegea, ukiusikia unatikisika kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Upande wa pili, kwa mwendo uleule, nota chafu iliangukia A ileile. Piano moja, na bila shaka siku moja.

Uchambuzi

Kosa la spiriti ndilo linaloonekana, na ni rahisi kulilaani. Mimi naliona dogo. Lilihusu santuri moja, na aliyelifanya alikuwa hajui. Kosa langu lilikuwa la anayejua. Nilikuwa na kipimo kizuri, nikakipima kitu ambacho hakikuwa swali. Karatasi ya mistari inakwambia mashine yako inazunguka kwa 78.26, haikwambii chochote kuhusu mashine iliyochonga nta mwaka 1924. Nilipoandika "mwendo umethibitishwa" nilithibitisha mwendo wangu mwenyewe. Na kwa kuwa sentensi ilitoka kwa fundi, mwalimu aliacha kushuku sikio lake na kuanza kutafuta sababu za kihistoria. Mfano wa Irving Berlin ulikuwa wa kweli, na kwa sababu ulikuwa wa kweli ulifunga mlango vizuri zaidi.

Ningependa kusema kijana alisikilizwa mapema. Hakusikilizwa. Nilimsikia kama mwanafunzi anayelalamika, kumbe alikuwa ananipa ushahidi. Alichokuwa nacho ambacho sisi hatukuwa nacho ni mazoea ya kitufe cha kuhamisha: kwake, sauti inayosikika na mahali mikono ilipo ni vitu viwili tofauti, na kila Jumapili anaviachanisha kwa sababu mwimbaji kiongozi ana mafua. Mwalimu wa piano ya kawaida hawezi kuwa na wazo hilo kirahisi, maana kwenye ala yake vitu hivyo viwili ni kimoja.

Njia ya miteremko ilifanya kazi, lakini ina masharti. Inahitaji piano iwe peke yake au iwe mbele. Kwenye bendi miteremko inazama. Inahitaji muziki wa bluzi au ulio jirani nayo. Haitakufaa kwenye kipande cha kuruka kilichonyooka, wala kwa mpigaji anayependa vidole viwili kila mahali. Na kama swali la G lisingeulizwa, tungekuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kubadilisha kosa moja kwa jingine, tukiwa na uhakika mara mbili zaidi. Ushahidi uliotutoa ni *fe*, mahali ambapo mtu hakuteleza. Nilikuwa nimeshapitia sehemu hizo mara kadhaa bila kuziona, kwa kuwa nilikuwa natafuta alichofanya tu.

Ningefanya nini tofauti? Ningerekodi kwa mwendo wowote ule na kuandika "mwendo haujulikani" mpaka muziki wenyewe useme. Ningempa kijana sauti kabla ya kumpa nota. Na ningeacha kutumia neno "sabini na nane" kana kwamba ni jina la ukoo wa santuri zote. Nyumbani pia tunazo: Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, wakati umeme umeshaingia na mwendo umeanza kutulia, lakini sijawahi kukutana na mtu wa kwetu anayehamisha santuri zake akauliza zilizunguka kwa ngapi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza.

Kuna jambo moja ambalo sikulitatua. Baada ya kijana kumaliza, bibi alipiga makofi, akamshika mikono, kisha akanigeukia na kuniambia kwamba ni kizuri lakini sicho alichokijua. Cha baba yake kilikuwa cha haraka zaidi, na cha juu zaidi. Gramafoni ya baba yake ilikuwa na kidude cha kurekebisha mwendo, kama nyingi za wakati ule, na inawezekana kabisa aliuweka kwenye 78 kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa, au juu ya hapo kwa sababu watu walikuwa wanacheza. Kwa bibi yule, tangu utotoni, F-shapu ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Nilimtengenezea faili mbili. Moja imeandikwa "74, kama ilivyopigwa". Nyingine imeandikwa "78, kama nyumbani". Mjukuu ameniambia bibi anasikiliza ya pili.